Joto la bahari lapanga upya mavuno ya samoni, wavuvi wabaki na madeni

WAVUVI wa samoni wa Mto Fraser, magharibi mwa Kanada, waliingia kiangazi cha mwaka 2009 wakiwa na matumaini makubwa. Uvuvi wa kibiashara wa samoni wekundu ulikuwa umefungwa kwa misimu miwili, na huu ulitarajiwa kuwa mwaka wa kulipa madeni. Wataalamu wa serikali walikuwa wamekadiria kuwa samaki zaidi ya milioni 10 wangerudi mtoni humo kutoka Bahari ya Pasifiki. Julai ikapita, Agosti ikapita. Waliorudi walikuwa takriban milioni 1.5 tu, na uvuvi ukafungwa kwa mwaka wa tatu.

Mwaka uliofuata mambo yakageuka. Mto ulikuwa uleule, wavuvi walewale na wataalamu walewale, lakini samoni waliorudi walikaribia milioni 30, idadi ambayo haikuwa imeonekana kwa karibu miaka 100.

Serikali ya Kanada iliunda tume chini ya Jaji Bruce Cohen kuchunguza kilichotokea mwaka 2009. Ripoti yake ilitolewa Oktoba 2012 ikiwa na mapendekezo 75. Tume haikumpata mkosaji mmoja wa kunyooshewa kidole. Hata hivyo, ushahidi mwingi wa wanasayansi ulielekea upande mmoja: samaki walipotelea baharini, si mtoni. Waliotakiwa kurudi mwaka 2009 walikuwa wameingia baharini wakiwa wadogo mwaka 2007 na kukuta chakula haba. Waliorudi mwaka 2010 waliingia baharini mwaka 2008, mwaka ambao maji ya pwani hiyo yalikuwa ya baridi na yenye chakula tele.

Kwa mkulima hili si jambo geni. Mbegu inaweza kuwa ileile na shamba lilelile, lakini mwaka mmoja gunia 20, mwaka mwingine gunia mbili. Tofauti ni kwamba mkulima huona mvua inapokosekana na kuanza kujipanga mapema, ilhali mvuvi wa samoni huijua hali ya bahari kwa hasara, miaka miwili baada ya hasara yenyewe kutokea.

Malisho yasiyo na mwenyewe

Samoni wa Pasifiki huanguliwa katika changarawe za mito, kuanzia California upande wa kusini, kupitia Oregon, Washington na British Columbia ya Kanada, hadi Alaska kaskazini, na vilevile upande wa Urusi na Japani. Baada ya wiki chache au mwaka mmoja hadi miwili, kutegemea aina, huteremka baharini akiwa mdogo kama kidole. Huko husafiri maelfu ya kilomita kwa mwaka mmoja hadi minne au zaidi, kisha hurudi katika mto uleule alikozaliwa, hutaga na kufa.

Zaidi ya asilimia 90 ya uzito ambao mvuvi analipwa hupatikana baharini. Kwa hiyo mto ni kitalu tu, na bahari ndiyo malisho. Malisho hayo hayana uzio wala mwenyewe, na hakuna anayeyanyunyizia maji.

Joto linaingiaje hapo? Wengi hudhani maji ya moto humuua samoni moja kwa moja. Hilo hutokea mitoni, kama mwaka 2015 katika Mto Columbia, ambako samoni wekundu wengi walikufa njiani wakipanda kwenda kutaga. Baharini mambo huenda kwa njia ndefu zaidi. Samaki ni kiumbe ambaye joto la mwili wake hufuata maji aliyomo. Maji yakipanda nyuzi mbili au tatu, mwili wake hufanya kazi haraka zaidi na kudai chakula kingi zaidi ili abaki na uzito uleule. Tatizo ni kwamba joto hilohilo linaloongeza njaa ndilo hupunguza ubora wa chakula.

Katika pwani ya Oregon na California, upepo wa kaskazini wa majira ya kuchipua husukuma maji ya juu mbali na nchi kavu. Maji baridi ya kina hupanda kuziba pengo, yakibeba rutuba. Rutuba hiyo huotesha mimea midogo isiyoonekana kwa macho, mimea huliwa na vijidudu, vijidudu huliwa na uduvi na samaki wadogo, na hao ndio chakula cha samoni. Tabaka la maji ya moto likitanda juu, maji ya chini hushindwa kupanda kwa nguvu ileile, na samadi hubaki zizini.

Mafuta kwenye chakula

Mtu aliyeeleza jambo hili vizuri kuliko wengi ni William Peterson, mtafiti wa serikali ya Marekani aliyeanza mwaka 1996 kuchota sampuli za maji nje ya mji wa Newport, Oregon, kila baada ya wiki mbili hivi. Alikuwa akihesabu kopepodi, vijidudu vya baharini vidogo kama chembe ya mchele au chini ya hapo. Aligundua kuwa kuna makundi mawili. Wale wanaokuja na maji baridi kutoka kaskazini hujiwekea mafuta mwilini kwa ajili ya majira ya baridi. Wale wa maji ya joto kutoka kusini ni wakavu, hawana akiba ya mafuta.

Mfugaji wa ng'ombe wa maziwa ataelewa mara moja. Ng'ombe anaweza kujaza tumbo kwa mabua makavu na bado akakonda. Samoni mdogo anayeingia baharini mwaka wa kopepodi wakavu hupata chakula, lakini chakula kisicho na nguvu. Hukua polepole, na anayekua polepole huliwa na ndege na samaki wakubwa, au hufikia majira ya baridi akiwa hana akiba.

Hali hiyo ilionekana waziwazi kuanzia mwishoni mwa 2013, wakati eneo kubwa la maji ya joto lilipojitokeza kaskazini-mashariki mwa Pasifiki. Wanasayansi walilibatiza jina la Blob, yaani bonge. Lilidumu hadi mwaka 2016, na sehemu nyingine maji yalizidi wastani kwa karibu nyuzi tatu za sentigredi. Kwenye sampuli za Newport wale kopepodi wenye mafuta wakapungua sana.

Kaskazini zaidi, katika Bahari ya Bering, joto lilikuja kwa sura nyingine. Kati ya mwaka 2016 na 2019 samoni wadogo wa aina ya keta walikutwa na matumbo yaliyojaa yavuyavu badala ya uduvi na samaki wadogo. Yavuyavu ni maji matupu kwa sehemu kubwa. Keta hao waliingia majira yao ya kwanza ya baridi baharini wakiwa wamedhoofu, na wengi hawakuonekana tena. Mwaka 2021 keta wa kiangazi waliohesabiwa katika Mto Yukon, Alaska, walikuwa takriban 150,000 tu, katika mto ambao wastani wake ni zaidi ya milioni 1.5.

Vijiji vya Yukon havivui kwa ajili ya hoteli. Huvua, hukausha na kula majira yote ya baridi. Mwaka ule samaki waligawiwa kwa msaada, wakiletwa kwa ndege kutoka sehemu nyingine za Alaska ambako walikuwa wamejaa. Hali ya samoni mfalme wa mto huohuo nayo imekuwa mbaya kiasi kwamba Aprili 2024 Alaska na Kanada zilikubaliana kusimamisha uvuvi wake kwa miaka saba, ambayo ni mzunguko mmoja wa maisha ya samaki huyo.

Kisa cha tatu cha chakula kinatoka California, na huenda ndicho cha ajabu kuliko vyote. Januari 2020 wahudumu wa vituo vya kutotolea samoni waliona vifaranga wakizunguka ovyo ndani ya maji, wengine wakilala ubavu na kufa. Uchunguzi ulionyesha upungufu wa vitamini B1. Mama zao walipokuwa baharini walikuwa wamekula karibu aina moja tu ya samaki, samaki wadogo jamii ya dagaa waliokuwa wamezagaa pwani hiyo miaka ile. Samaki hao wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini hiyo. Mama alikuwa ameshiba na kunenepa, mayai yake yakawa na kasoro. Vituo vilianza kuwaogesha vifaranga katika maji yenye vitamini, tiba rahisi kwa aliye kituoni. Kwa samaki wanaotaga mtoni bila msaada wa mtu, tiba hiyo haiwafikii.

Wapo waliojaribu kutatua suala la chakula kwa njia ya mkato. Mwaka 2012, kijiji cha Old Massett katika visiwa vya Haida Gwaii, Kanada, kilishiriki mradi uliomwaga takriban tani 100 za unga wenye madini ya chuma baharini, kwa hoja kwamba chuma kingeotesha mimea midogo na samoni wangeongezeka. Walitiwa moyo na dai la baadhi ya watafiti kwamba majivu ya volkano ya Kasatochi, iliyolipuka Agosti 2008, ndiyo yaliyolisha samoni wale wa mwaka 2010. Dai lenyewe lilipingwa na watafiti wengine, na mradi wa kijiji uliishia kwenye uchunguzi wa serikali. Mkulima aliyezoea kupima udongo kabla ya kununua mbolea ataona hapa mfuko uliofunguliwa bila kipimo, tena katika shamba la watu wote.

Njia ya samaki na mpaka wa nchi

Joto halibadilishi chakula tu. Hubadilisha pia njia, na njia inapobadilika pesa huhama kutoka mfuko mmoja hadi mwingine.

Samoni wanaorudi Mto Fraser hulazimika kuzunguka Kisiwa cha Vancouver. Wanaweza kupita kusini, kwenye mlango-bahari wa Juan de Fuca unaopakana na Marekani, au kaskazini, kwenye mlango-bahari wa Johnstone ambao wote umo ndani ya Kanada. Rekodi za miaka mingi zinaonyesha kuwa bahari inapokuwa baridi wengi hupita kusini. Inapokuwa na joto, sehemu kubwa hupita kaskazini.

Kwa samaki tofauti ni ndogo, lakini kwa mvuvi wa jimbo la Washington ni msimu mzima. Chini ya Mkataba wa Samoni wa Pasifiki uliosainiwa mwaka 1985 na taratibu zilizofuata, Marekani ina haki ya asilimia 16.5 ya samoni wekundu wa Fraser wanaoruhusiwa kuvuliwa. Lakini lazima iwavue katika maji yake. Mwaka wa joto samaki hupita upande wa pili wa kisiwa, na mvuvi wa Washington hubaki na haki iliyoandikwa kwenye karatasi.

Mvutano wa aina hii ulifika mbali miaka ya 1990, miaka ambayo samoni walikuwa wakistawi Alaska na kupungua kusini. Mwaka 1994 Kanada ilitoza boti za Marekani zilizopita pwani yake dola 1,500 za Kanada kila moja. Julai 1997 wavuvi wa Kanada waliizingira kwa boti zao meli ya abiria ya Alaska katika bandari ya Prince Rupert kwa siku tatu, wakilalamika kuwa wavuvi wa Alaska wanavua samaki waliokuwa wakirejea katika mito ya Kanada.

Wakati kelele hizo zikiendelea, mtaalamu wa uvuvi Steven Hare na wenzake walikuwa wamegundua kwamba mavuno ya Alaska na yale ya pwani ya Washington na Oregon yamekuwa yakipishana kwa miongo. Kuanzia mwaka 1977 bahari ya pwani hiyo iliingia kipindi cha joto. Alaska ikavuna, kusini kukanyauka. Kabla ya hapo, kuanzia 1947, ilikuwa kinyume chake. Katika makala yao ya mwaka 1997 walionyesha kwamba mizunguko hiyo ya joto la Pasifiki huchukua miaka 20 hadi 30. Kwa maneno mengine, sehemu ya ugomvi ambao mataifa mawili yalikuwa yakitupiana lawama ilitokana na maji ya bahari.

Kanuni hiyo nayo haiaminiki moja kwa moja. Mwaka 1997, miezi michache kabla ya mvua za El Niño kukata barabara na madaraja Tanzania na Kenya, Bahari ya Bering ilipata joto lisilo la kawaida na samoni wa Bristol Bay, eneo tajiri kuliko yote Alaska, wakarudi pungufu sana kuliko ilivyotarajiwa. Serikali ya Marekani ilitangaza janga la uvuvi. Joto kidogo lilikuwa limeinufaisha Alaska kwa miaka 20. Joto lilipozidi, faida ikageuka hasara.

Neema iliyoshusha bei

Bristol Bay ilirejea kwenye neema, na neema hiyo ikaleta mtihani mwingine. Maziwa ambayo samoni wadogo hulelewa yalipata joto, vifaranga wakakua haraka, na mwaka 2022 samoni wekundu waliorudi walifika milioni 79, rekodi ya historia. Karibu milioni 60 walivuliwa. Mvuvi alilipwa bei ya msingi ya dola 1.15 kwa ratili, sawa na dola 2.50 hivi kwa kilo.

Maghala ya baridi yakajaa. Mwaka 2023 Urusi nayo ilipata mavuno makubwa ya samoni waridi, ambao ni wa bei nafuu, na riba za mikopo Marekani zilikuwa zimepanda. Wavuvi wa Bristol Bay wakiwa tayari majini, wanunuzi wakatangaza bei: senti 50 za dola kwa ratili, yaani dola 1.10 kwa kilo. Ilikuwa chini ya nusu ya mwaka uliotangulia. Wavuvi waliandamana na boti zao katika Mto Naknek, lakini samoni hasubiri mazungumzo. Msimu wa huko ni wiki sita hivi, na samaki aliyepita leo hapatikani kesho. Ilibidi wavue kwa bei hiyohiyo.

Hapa ndipo mkulima wa nyanya au vitunguu atajiona. Mwenye kiwanda ana ghala, ana mkopo wa muda mrefu na anaweza kununua kutoka Urusi, Chile au Norwei. Mwenye boti ana leseni ya eneo moja, aina moja ya samaki na deni la benki lenye tarehe. Hata hivyo wenye viwanda nao hawakusalimika. Desemba 2023 kampuni moja kubwa ya usindikaji ilitangaza kuuza viwanda vyake vinne Alaska, na mwaka 2024 nyingine ikaanguka na kuwekwa chini ya mfilisi.

Jambo jingine linapunguza thamani ya wingi huo. Samoni wanarudi wakiwa wadogo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020, uliolinganisha samaki wa Alaska wa kabla ya mwaka 1990 na wa baada ya 2010, ulionyesha kuwa samoni mfalme amepungua urefu kwa wastani wa asilimia 8, na mwekundu kwa asilimia 2 hivi. Sababu kubwa ni kwamba wanarudi wakiwa na umri mdogo. Joto linatajwa, na ushindani wa chakula pia, kwa sababu nchi zinazoizunguka Pasifiki humwaga baharini samoni wadogo wapatao bilioni 5 kila mwaka kutoka vituo vya kutotolea. Samaki mdogo hukatwa kwa gharama ileile ya samaki mkubwa, lakini minofu yake ni michache.

Mbegu moja, siku moja

Swali ambalo mchumi lazima aulize ni hili: kwa nini bahari ileile inapochafuka, eneo moja huyumba na kusimama, lingine huanguka kabisa?

Jibu zuri lilitolewa mwaka 2010 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington wakiongozwa na Daniel Schindler, waliochambua rekodi za miaka 50 za Bristol Bay. Samoni wa huko si kundi moja. Ni mamia ya makundi, kila moja na kijito chake au ufukwe wake wa ziwa. Wengine huingia baharini mapema, wengine kwa kuchelewa. Wengine hukaa baharini miaka miwili, wengine mitatu. Mwaka mbaya kwa kundi hili huwa wa nafuu kwa lile. Watafiti hao walikadiria kuwa kuyumba kwa mavuno ni mara 2.2 chini ya ambavyo kungekuwa kama samaki wote wangekuwa wa kundi moja. Bila mchanganyiko huo, uvuvi ungelazimika kufungwa mara 10 zaidi ya ilivyokuwa.

Linganisha na Mto Sacramento, California. Mabwawa yamefunga njia za kupanda milimani, na sehemu kubwa ya samoni mfalme wa mto huo hutoka vituo vya kutotolea. Wengi hupakiwa kwenye malori yenye matangi na kumwagwa karibu na bahari katika kipindi kilekile cha mwaka. Ni sawa na kijiji kizima kupanda mbegu moja, siku moja, kwa kuamini kwamba mvua itakuja tarehe ileile.

Mwaka 2005 mvua hiyo haikuja. Upepo unaopandisha maji baridi ulichelewa kwa zaidi ya miezi miwili. Samoni wadogo walifika baharini kwa tarehe zao na kukuta meza tupu. Hakuna aliyetangaza janga mwaka huo kwa kuwa hakuna aliyeliona. Lilionekana mwaka 2007, waliporudi samaki chini ya 100,000 katika mto uliopata zaidi ya 700,000 mwaka 2002. Uvuvi wa baharini ukafungwa California mwaka 2008 na 2009. Bunge la Marekani lilitenga dola milioni 170 kuwafidia wavuvi na wafanyabiashara wa pwani, fedha zilizopitia Sheria ya Kilimo ya mwaka 2008. Wataalamu waliochunguza walisema bahari ndiyo iliyopiga, lakini upotevu wa mchanganyiko wa samaki mtoni ndio uliofanya pigo liwe zito.

Somo hilo halikutosha. Ukame wa miaka ya 2020 hadi 2022 na matatizo ya bahari yaliporudi, uvuvi wa kibiashara wa samoni katika bahari ya California ulifungwa tena mwaka 2023, ukafungwa 2024 na 2025. Miaka mitatu bila msimu hummaliza mvuvi mdogo na pia muuza barafu, fundi wa injini, muuza chambo na mama mwenye mgahawa bandarini. Fidia ya serikali huja baada ya miaka, na huwafikia kwanza wenye vitabu vya hesabu.

Atlantiki nako si shwari. Juni 2024 Norwei ilifunga mito 33 katikati ya msimu baada ya samoni wa asili kurudi wachache kupita kiasi. Watafiti wa nchi hiyo wamepima magamba ya samaki na kuona kuwa ukuaji wa mwaka wa kwanza baharini ulishuka ghafla karibu na mwaka 2005, wakati maji baridi ya Aktiki yenye chakula yalipopungua katika Bahari ya Norwei. Anayemwona samoni kwenye friji za supamaketi za Dar es Salaam au Nairobi asichanganye mambo: huyo mara nyingi ni wa kufugwa katika vizimba, na bei yake hufuata hesabu nyingine.

Kusoma rangi za bahari

Kwa miaka mingi makadirio yalitegemea samaki wenyewe. Kila kundi lina wachache wanaorudi mwaka mmoja kabla ya ndugu zao. Wataalamu huwahesabu hao, kisha hukadiria ndugu watakaofuata. Njia hiyo hufanya kazi bahari inapotulia. Bahari ikibadilika, uwiano wa zamani kati ya waliotangulia na wanaofuata huvurugika, na makadirio huanguka.

Ndiyo maana kituo cha utafiti wa uvuvi cha serikali ya Marekani huko kaskazini-magharibi huandaa jedwali la hali ya bahari kwa rangi za taa za barabarani, likianzia mwaka 1998. Joto la maji, kopepodi wenye mafuta, tarehe ya maji ya kina kuanza kupanda na vipimo vingine, kila kimoja hupewa kijani, njano au nyekundu. Mwaka 2008 ulijaa kijani. Miaka ya Bonge ilijaa nyekundu. Mvuvi wa Columbia akiliona jedwali leo, anapata picha ya samoni mfalme watakaorudi baada ya miaka miwili. Hiyo ni taarifa anayoweza kwenda nayo benki, au inayoweza kumfanya aahirishe kununua injini mpya.

Taarifa hiyo bado ina mipaka. Mwaka 2020 samoni wekundu wa Fraser walikuwa chini ya 300,000, wachache kuliko wakati wowote tangu kumbukumbu zianze. Mwaka 2025 yalikadiriwa makundi ya jumla ya milioni 2.9, wakaja karibu milioni 10. Kukosea kwa upande wa neema nako kuna gharama: boti chache zilikuwa tayari, viwanda vilikuwa vimepunguza wafanyakazi, na samaki wengi walipita.

Kuanzia Julai hadi Septemba mwaka huohuo wa 2025, joto lilitanda tena juu ya Pasifiki ya Kaskazini, kutoka upande wa Japani hadi karibu na pwani ya Amerika, kwa kiwango cha juu kuliko kilichowahi kupimwa. Samoni wadogo walioteremka baharini majira ya kuchipua ya mwaka huo walikutana nalo katika miezi yao ya mwanzo. Wekundu na wafalme wengi wa kundi hilo ni wa kurudi kuanzia mwaka 2027. Viambatanisho vingi vya sasa vya mkataba kati ya Kanada na Marekani vinafikia mwisho Desemba 2028, na wajumbe watakaoketi kuvijadili upya watakuwa tayari wameshawahesabu samaki hao, wakijua pia wamepita upande gani wa Kisiwa cha Vancouver.